Tiba ya Fikra na Tabia: Inavyofanya Kazi na Mambo Anayopaswa Kuyatarajia Mteja

Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku neno "mawazo" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni yale yanayopita akilini mwa mtu. Maana ya pili inakaribia kuwa jina la ugonjwa. Mtu anaposemwa kuwa "ana mawazo" au "amezidiwa na mawazo", wasikilizaji huelewa kwamba usingizi umempotea, chakula hakipiti, na shughuli zake zimelala. Mtu huyo anapofika zahanati, mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni. Husema kichwa ni kizito, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka. Vipimo vinapotoka bila dosari, huambiwa: "Huna ugonjwa. Usiwaze sana."

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini hausaidii. Aliyezidiwa na mawazo hajui namna ya kuyaacha. Angejua, asingepanga foleni tangu alfajiri. Tena huondoka na wazo jipya juu ya yale ya zamani, kwamba ameshindwa hata jambo dogo la kutowaza. Baadhi ya wagonjwa wa namna hii hawarudi tena kituoni, na miongoni mwao wamo walio katika hatari ya kujidhuru.

Makala hii inaeleza tiba ya fikra na tabia, ambayo haimwambii mgonjwa asiwaze. Humfundisha namna ya kuyachunguza mawazo yake na kuyabadili matendo yanayotokana nayo. Makala imewalenga wahudumu wa afya wanaowapokea wagonjwa hawa, pamoja na wagonjwa wenyewe na jamaa zao, ili wajue kinachofanyika katika vikao na wasikate tamaa mapema kwa kutarajia kitu kingine. Neno "mteja" limetumika kwa maana ya mtu anayepokea tiba hii, kwa sababu kazi yake ndani ya tiba ni kubwa kuliko kupokea tu.

Chimbuko la tiba

Tiba hii ilitokana na mikondo miwili iliyokutana. Mkondo wa kwanza ulihusu tabia. Mnamo 1958 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha kazi yake kuhusu namna hofu inavyoweza kupunguzwa kwa kumkaribisha mgonjwa hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa. Mkondo wa pili ulihusu fikra. Katika miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili Aaron T. Beck (1921–2021) wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, aliwachunguza wagonjwa wenye sonona akitarajia kukuta hasira iliyogeuzwa ndani, kama nadharia za wakati huo zilivyofundisha. Alichokikuta ni kingine: mawazo mafupi, ya haraka, yanayojitokeza bila kuitwa, na karibu yote yakihusu kushindwa na kupoteza.

Beck aliyapanga mawazo hayo katika mafungu matatu. Mgonjwa wa sonona hujiona yeye mwenyewe hafai, huiona dunia inayomzunguka kuwa imemkataa, na huiona kesho kuwa haina tumaini. Kwa kuwa mawazo hayo huja haraka, mgonjwa hayaoni kama mawazo. Huyaona kama habari za kweli. Mwaka 1979 Beck na wenzake walichapisha kitabu cha mwongozo wa kutibu sonona kwa njia hii. Tangu hapo mikondo hiyo miwili imeungana, na tiba imepanuliwa hadi kwenye wasiwasi uliokithiri, hofu ya ghafla, athari za matukio ya kutisha, kukosa usingizi, maumivu sugu na matatizo mengine.

Duara linaloendesha ugonjwa

Msingi wa tiba ni kwamba fikra, hisia, mwili na matendo vimefungamana, na kimoja kikiguswa vingine hutikisika. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia.

Mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, amefiwa na mama yake mzazi. Miezi minane baada ya msiba bado anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Kibanda chake cha ushonaji, kilichokuwa kikifunguliwa kila siku, sasa hufunguliwa siku mbili kwa juma. Asubuhi moja jirani aliyezoea kushonesha nguo kwake anapita mbele ya kibanda bila kumsalimu. Papo hapo linamjia wazo: "Amenichoka. Nguo zake ameshazipeleka kwa fundi mwingine." Kifua kinambana, machozi yanamlenga. Anafunga kibanda na kurudi nyumbani kulala. Jioni simu inaita, haipokei. Kesho yake watu wawili wanakikuta kibanda kimefungwa na kwenda kwingine. Mwisho wa mwezi hana fedha ya kodi, na wazo la asubuhi ile linaonekana kuthibitika: watu wamemkimbia.

Mfano huu unaonyesha sehemu tano. Kuna tukio, yaani jirani kupita bila salamu. Kuna fikra iliyolitafsiri tukio hilo. Kuna hisia, ambazo ni huzuni na aibu. Kuna dalili za mwili, yaani kifua kubana. Kuna tendo, ambalo ni kufunga kibanda. Jambo la kuzingatia ni mwisho wa mfano. Fikra haikuwa na ushahidi wa kutosha ilipozaliwa, lakini tendo lililotokana nayo liliutengeneza ushahidi. Watu walikwenda kwingine kwa sababu kibanda kilifungwa, naye akasoma kwamba wamemchoka. Hivyo ndivyo duara linavyojilisha.

Mtaalamu hawezi kuyafuta yaliyotokea, wala hawezi kumwamuru mtu asihuzunike. Anaweza kuingia kwenye duara kwa milango miwili, fikra na tendo. Milango hiyo ikifunguliwa, hisia na mwili hufuata.

Mitego ya kawaida ya fikra

Mtu yeyote, mzima au mgonjwa, huteleza katika kufikiri. Katika sonona na wasiwasi mitelezo hiyo huwa mingi na huelekea upande mmoja. Inayojitokeza mara kwa mara ni hii:

Kusoma mioyo ya watu: kuamini kwamba unajua wengine wanakufikiriaje bila kuwauliza.

Yote au hakuna: kuona kwamba kazi isiyokamilika asilimia 100 ni kazi iliyoshindikana.

Kutabiri mabaya: kuchukulia kwamba jambo baya zaidi linaloweza kutokea ndilo litakalotokea.

Kuchuja mema: kulikumbuka neno moja la lawama na kuyasahau kumi ya shukrani.

Kujibebesha lawama: kujiona chanzo cha jambo lenye sababu nyingi, kama mzazi anayejilaumu kwa kila homa ya mtoto.

Mteja hafundishwi mitego hii ili aone kwamba akili yake ni mbovu. Hufundishwa ili aweze kuipa jina inapotokea, kwa maana kinachojulikana kwa jina huwa rahisi kukisimamisha na kukiuliza maswali.

Kikao cha kwanza

Wengi huja kikao cha kwanza wakitarajia mojawapo ya mambo matatu: kupewa vidonge, kupewa nasaha, au kuulizwa habari za utoto kwa muda mrefu. Kinachotokea ni tofauti kidogo.

Mtaalamu huuliza tatizo lilianza lini, linatokea wakati gani, linazidishwa na nini na linapunguzwa na nini. Huuliza pia kuhusu usingizi, chakula, pombe, dawa zinazotumika, magonjwa mengine, na hali ya usalama nyumbani. Huuliza waziwazi kama mteja amewahi kufikiria kujiua. Swali hili lisimshtue mteja, wala mhudumu asiliogope; kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema alilolibeba peke yake.

Mara nyingi mteja hujaza dodoso fupi. Linalotumika sana kwa sonona lina maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 27. Alama 10 au zaidi humfanya mtaalamu achunguze kwa kina zaidi. Dodoso hilo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Halitoi hukumu; ni kama kipimo cha joto la mwili, na hurudiwa kila baada ya vikao kadhaa ili wote wawili waone kama kuna nafuu.

Mwisho wa kikao mtaalamu na mteja huweka malengo. Lengo zuri huonekana kwa macho. "Nataka kuwa na furaha" ni vigumu kulipima. "Nataka kufungua kibanda siku tano kwa juma na kupokea simu zote za kazi" linapimika.

Suala la siri nalo huelezwa siku hiyo hiyo. Yanayozungumzwa hubaki kati ya mteja na mtaalamu, isipokuwa pale ambapo uhai wa mteja au wa mtu mwingine uko hatarini. Mteja ana haki ya kuelezwa mpaka huo kabla hajafungua moyo wake.

Vikao vinavyofuata

Kwa kawaida vikao huwa kati ya 8 na 20, kimoja kwa juma, na kila kimoja huchukua dakika 45 hadi 60. Kila kikao kina mpangilio: kupitia hali ya juma lililopita, kukagua zoezi la nyumbani, kushughulikia jambo moja au mawili, kisha kupanga zoezi jipya. Mpangilio huu huwashangaza baadhi ya wateja waliodhani watazungumza tu mpaka muda uishe. Sababu yake ni kwamba muda ni mchache na mteja amelipa nauli kufika. Kila kikao sharti kimwache na kitu cha kufanya.

Kupanga shughuli. Kwa sonona, mara nyingi hii huwa hatua ya kwanza. Mgonjwa husubiri nguvu zirudi ndipo aanze kazi, lakini katika sonona kusubiri huko huziondoa hata nguvu zilizobaki. Tiba huugeuza utaratibu: shughuli ndogo hutangulia, na hamu hufuata baadaye. Yule fundi cherehani anaweza kuanza kwa kufungua kibanda saa mbili kila asubuhi kwa siku tatu, bila sharti la kushona nguo nyingi. Huandika kwenye daftari alichokifanya na namna alivyojisikia, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Baada ya juma moja daftari huonyesha jambo ambalo kumbukumbu ya mgonjwa hulificha, kwamba siku si zote sawa, na siku alizotoka zilikuwa nyepesi kidogo kuliko alizolala.

Daftari la fikra. Mteja hujifunza kulikamata wazo linapopita na kuliandika pamoja na tukio na hisia zake. Kisha huulizwa maswali. Katika mfano wetu mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Dada, jirani alipopita bila kukusalimu, nini kilikupitia kichwani?"

"Kwamba amenichoka."

"Uliliamini wazo hilo kwa kiasi gani, kati ya 0 na 100?"

"Tisini, daktari."

"Nini kinaliunga mkono?"

"Hakunisalimu."

"Na nini hakikubaliani nalo?"

Anakaa kimya kidogo. "Alikuwa na simu sikioni. Tena gauni lake bado liko kwangu, hajalichukua."

Mtaalamu hakumwambia kwamba amekosea. Aliuliza, na jibu likatoka kwa mteja mwenyewe. Wazo alilolijenga hugunduliwa na yeye kuwa ni moja kati ya maelezo kadhaa yanayowezekana. Akiulizwa tena, huenda atasema sasa analiamini kwa kiasi cha 50. Kushuka huko kunatosha kumwezesha kufanya hatua inayofuata.

Kulijaribu wazo. Hoja peke yake hazimalizi kazi. Wazo hupelekwa nje likapimwe. Fundi anakubaliana na mtaalamu kwamba atampigia jirani simu kumwambia gauni limekamilika. Kabla ya kupiga anaandika anachokitabiri: "Atajibu kwa ubaridi na kusema halihitaji." Anapopiga, jirani anafurahi na kuja kulichukua. Anamweleza pia kwamba kitambaa kingine alikipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, kwa kuwa mara tatu alikikuta kibanda kimefungwa. Sehemu ya hofu ya fundi ilikuwa kweli, lakini sababu aliyoidhania haikuwa. Sababu ya kweli ina dawa: kufungua kibanda.

Kuikabili hofu. Kwa wasiwasi na hofu, chombo kikuu ni kukikaribia kinachoogopwa kwa ngazi. Kijana aliyenusurika ajali ya daladala huenda sasa anatembea kilomita nyingi kwenda kazini. Kila anapokaribia kituo, moyo humwenda mbio. Akigeuka na kuondoka, moyo hutulia. Mwili wake hujifunza kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa, na kesho hofu huwa kubwa zaidi. Tiba humtengenezea ngazi: kusimama kituoni dakika 20, kuketi ndani ya gari lililosimama, kusafiri kituo kimoja akiwa na ndugu, kusafiri kituo kimoja peke yake, hatimaye safari nzima. Kila hatua hupewa kipimo cha hofu kati ya 0 na 100, na hurudiwa mpaka hofu ishuke, au mpaka kijana aone kwamba anaweza kuimudu ingawa bado ipo. Hapa mteja aelezwe mapema kwamba mwanzoni wasiwasi utapanda kabla haujashuka. Asiyeelezwa hudhani tiba inamdhuru, naye huacha. Aelezwe pia kwamba hatari ya kweli haijaribiwi. Tiba haimtaki apande gari linaloendeshwa kwa mwendo wa hatari.

Kutatua matatizo halisi. Si kila wazo baya ni la uongo. "Sina fedha ya kodi" linaweza kuwa kweli tupu, na kulihoji kungekuwa dhihaka. Wazo likiwa la kweli, swali hubadilika kutoka "Je, ni kweli?" kuwa "Nifanye nini?" Mteja na mtaalamu hulieleza tatizo kwa maneno mahususi, huorodhesha njia zote zinazowezekana bila kuzihukumu kwanza, huchagua moja, huijaribu na kuipima.

Vikao vya mwisho. Mwishoni mteja huandika mpango wake: dalili zinazomtangulia anapoanza kuanguka, mambo yaliyomsaidia, na mtu wa kumwendea. Vikao huachanishwa, kwanza kila baada ya majuma mawili, kisha mwezi. Siku mbaya zitakuja, na kuja kwake si kushindwa kwa tiba.

Mambo ambayo tiba hii siyo

Tiba hii si mahubiri ya kufikiri mazuri tu. Anayelazimishwa kujiambia "kila kitu kiko sawa" wakati mambo hayako sawa hupata sababu nyingine ya kutomwamini mtaalamu. Kinachotafutwa ni wazo linalolingana na ushahidi, liwe tamu au chungu.

Si nasaha za mzee kwa kijana pia. Nasaha zina heshima yake, lakini humpa mtu jibu la siku moja. Tiba hii humfundisha kutafuta majibu mwenyewe, ili vikao vikiisha ujuzi ubaki.

Wala haipingani na imani ya dini. Wateja wengi huuliza jambo hili, na wengine huogopa kuliuliza. Mtaalamu hana kazi ya kubadili imani ya mtu. Kwa mteja aliyeacha kwenda msikitini au kanisani kwa sababu ya sonona, kurudi huko kunaweza kuwa shughuli ya kwanza kwenye mpango wake.

Ushahidi

Tiba ya fikra na tabia ni miongoni mwa tiba za mazungumzo zilizochunguzwa zaidi duniani, na Shirika la Afya Duniani huipendekeza kwa sonona. Imeonekana kwamba waliopata tiba hii, baada ya kuisitisha, hurudiwa na sonona mara chache kuliko waliotibiwa kwa dawa peke yake kisha wakaziacha.

Swali la msingi kwa nchi zenye wataalamu wachache ni kama inaweza kutolewa na wasio wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, ulitoa jibu la kutia moyo. Wahudumu wanawake wa afya ya jamii walifundishwa mbinu hizi na kuwatembelea kina mama waliokuwa na sonona tangu ujauzito. Watoto walipofikisha miezi 6, asilimia 23 ya kina mama waliohudumiwa hivyo walikuwa bado na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya waliotembelewa bila mbinu hizo.

Afrika Mashariki nayo ina mifano. Jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa jamii waliwapa vikao 5 vya mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojengwa juu ya misingi hii, na dhiki yao ya kisaikolojia ilipungua. Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambapo washauri wasio na taaluma ya afya ya akili walitoa tiba hii kwa vikundi. Mara baada ya tiba, dalili za athari za msiba zilipungua kuliko kwa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Eneo la nne linakumbusha kwamba tiba nzuri haifanyi kazi sawasawa kila mahali.

Mipaka na tahadhari

Kwanza, mwili uchunguzwe. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na athari za baadhi ya dawa huweza kufanana na sonona au wasiwasi. Moyo kwenda mbio usiitwe hofu kabla ya kupimwa.

Pili, anayetumia dawa za sonona asiziache kwa sababu ameanza vikao. Kwa sonona kali, dawa na mazungumzo pamoja mara nyingi husaidia kuliko kimoja peke yake. Uamuzi wa kupunguza dawa ni wa mteja akishirikiana na daktari wake.

Tatu, mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, aliyechangamka kupita kiasi bila kulala kwa siku kadhaa, au anayekataa kabisa kula na kunywa, anahitaji daktari wa magonjwa ya akili kwanza.

Nne, mwanamke anayepigwa nyumbani anaposema "siko salama", wazo hilo halihojiwi. Usalama wake ndio mwanzo wa tiba.

Tano, mtu mwenye nia na mpango wa kujiua haachwi peke yake hata dakika moja. Vitu vya kujidhuru, kama viuatilifu vya shambani na akiba ya vidonge, huondolewa karibu naye, naye hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mhudumu wa zahanati

Mhudumu mwenye dakika 15 na foleni ndefu mlangoni hawezi kutoa tiba kamili, lakini kuna mambo anayoweza kuyafanya badala ya kusema "usiwaze sana". Aulize: "Mawazo hayo yanasemaje?" na kusubiri jibu. Atumie dodoso la maswali 9 na asome kwa makini jibu la swali la mwisho, linalohusu kujidhuru au kutamani kufa. Achore duara kwenye karatasi kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na amwachie karatasi hiyo. Wakubaliane shughuli moja ndogo ya juma hilo, yenye siku na saa. Ampe tarehe ya kurudi, na ampe rufaa panapohitajika. Tarehe ya kurudi ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa humwambia mgonjwa kwamba kuna mtu atakayemuuliza hali.

Kwa anayetaka kuanza

Kabla ya kuanza, mteja ana haki ya kuuliza: Umefundishwa tiba hii wapi? Tutakutana mara ngapi? Gharama ni kiasi gani? Nikikosa nauli, tunaweza kuzungumza kwa simu? Tutajuaje kwamba napata nafuu? Mtaalamu mzuri hachukizwi na maswali haya.

Ajiandae pia kwa kazi ya nyumbani. Asiyejua kusoma na kuandika hakosi tiba. Anaweza kutumia alama, vijiti, au kurekodi sauti kwenye simu. Zoezi likimshinda, aje hivyo hivyo kikaoni, kwa maana sababu ya kushindwa huwa somo lenye faida. Kama baada ya vikao 5 au 6 haoni mabadiliko yoyote, alisema hilo waziwazi ili mpango upitiwe upya. Kuacha kimya kimya ndiko kunakowapoteza wengi.

Hitimisho

Tiba ya fikra na tabia haiwaondolei watu msiba, deni wala ajali. Huwapa njia ya kutofautisha kilichotokea na kile ambacho akili imekiongeza, na huwarudisha hatua kwa hatua kwenye shughuli ambazo ugonjwa umewanyang'anya. Kwa mhudumu, somo kubwa ni kwamba anayesema "nina mawazo" ametaja dalili, na dalili huchunguzwa. Kwa mgonjwa, ni kwamba mawazo yanayomkosesha usingizi yanaweza kuandikwa, kuulizwa maswali na kupimwa, na kwamba kazi hiyo hatakiwi kuifanya peke yake.